Mkojo wa Kwanza wa Asubuhi

Nilijua mama anaumwa siku nilipomwona amekaa benchi la mwisho kanisani. Tangu nipate akili, mama yangu alikuwa mtu wa mbele, na wanakwaya, upande wa sauti nzito. Nilikuwa nimekuja kijijini kwetu Kirushya, Ngara, kwa likizo, natokea Biharamulo ninakofundisha shule ya msingi. Sasa alikuwa amekaa pembeni kabisa, karibu na mlango, na kabla padri hajamaliza kusoma injili akanyanyuka akatoka. Akarudi. Wakati wa sala za waumini akatoka tena.

Njiani kurudi nyumbani nikamwuliza, "Mama, una nini?"

"Tumbo tu."

"Tumbo gani la kutoka kila saa?"

Akaendelea kutembea mpaka tukaingia kwenye migomba yetu. Hapo ndipo aliposimama, akashika mgomba mmoja kama mtu anayetaka kupumzika, akasema bila kunitazama, "Nakojoa pilipili, mwanangu. Na nikishamaliza, nataka tena."

Mimi ni mtoto wake wa pekee. Mama alikuwa Mhangaza wa papo hapo Kirushya. Baba alitoka nchi jirani, ng'ambo ya mto Ruvubu, wakati wa vita vya kwao, akafikia kambi ya wakimbizi ya Lukole. Mama alikuwa akipeleka ndizi kuuza pale kambini, wakajuana, wakaoana, akahamia kwake kwenye turubai. Baba alifariki mimi nikiwa sijaanza hata kutambua sura yake. Mama akarudi kwao amenibeba mgongoni, na mjomba wangu, kaka yake mkubwa, akamkatia kipande cha shamba. Kwa kipande hicho alinilea, akanisomesha, na hakuolewa tena. Alipoulizwa sababu, alikuwa anacheka tu na kusema jembe lake linatosha kuwa mume.

Jumatatu nilimpeleka zahanati. Tabibu wa pale alimsikiliza kidogo, akachukua mkojo, akachovya humo kijikaratasi chake kinachobadilika rangi, akasema, "Ni yutiai."

Neno hilo, maambukizi ya njia ya mkojo, sisi wote tunalijua. Siku hizi kila mtu ana yutiai. Mwanafunzi akiumwa mgongo ni yutiai, dereva wa bodaboda akichoka ni yutiai, na vidonge vyake vinauzwa hata kwenye maduka yanayouza sabuni na chumvi. Kwa hiyo sikushtuka. Tabibu akaandika dawa, kisha, mlango ukiwa wazi na watu wamejaa barazani, akamwuliza mama, "Una mwenza?"

Mama akasema, "Mimi ni mjane."

"Najua ni mjane. Nauliza una mwenza? Maana huyo naye inabidi atibiwe."

Tabibu huyo alikuwa kijana kuliko mimi. Mama akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akasema polepole, "Sina, baba." Barazani kulikuwa na wanawake wawili wa kwaya yao. Nilipotoka niliwaamkia, wakaitikia marahaba huku wakitazama chini.

Vidonge vile vilimpa nafuu. Nilirudi kazini nikiwa na amani. Lakini kabla muhula haujafika katikati, alinipigia simu kuwa pilipili imerudi. Akapewa vidonge vingine, vikubwa zaidi. Nafuu, kisha ikarudi. Akachomwa sindano. Nafuu kidogo, kisha ikarudi na homa ndogo za jioni na kutoka jasho. Kila alipokwenda walichovya kijikaratasi kilekile, wakasema kuna usaha, ni yutiai sugu, wakabadilisha dawa. Aliacha kunywa chai. Akaacha na uji. Alifikiri akikausha maji tumboni hatakojoa, na mimi kwenye simu nilikuwa nagombana naye kila siku juu ya kikombe cha maji.

Kijijini maneno yalikuwa yameshaiva. Kwetu yutiai isiyopona ni jina la adabu tu. Watu husema yutiai, wakimaanisha ugonjwa mwingine, ule wa kuambukizana wawili. Mjomba ndiye aliyenieleza baadaye kuwa mwanamke mmoja alisema kisimani, kwa sauti ya kusikika, kwamba mjane hapati ugonjwa wa mkojo bila mtu wa kumpa. Mwingine akahesabu wanaume waliowahi kumsaidia mama kubeba mikungu ya ndizi kwenda mnadani. Wote aliowataja walikuwa na wake.

Mama hakubishana na mtu. Alifua sare yake ya kwaya, akaianika, akaipiga pasi ya mkaa, akaikunja vizuri na kuipeleka kwa mwenyekiti wa kwaya. Mwenyekiti akaipokea. Hakumwuliza kwa nini. Mama alikuja kuniambia jambo hilo muda mrefu baadaye, na alilisema kwa mshangao, siyo kwa hasira: "Hakuniuliza kwa nini."

Tangu siku hiyo hakwenda tena kanisani. Alikuwa anasali ndani, milango imefungwa.

Mjomba naye kwa uchungu wake alimleta mzee mmoja kutoka upande wa Nyakisasa aliyekuja na magome ya kuchemsha. Mama akayanywa kwa utii. Kisha mjomba akanipigia simu nikiwa darasani. Mjomba si mtu wa kupiga simu. Nilitoka nje nikapokea.

"Njoo umchukue mama yako," akasema. "Anakojoa damu."

Safari ya kutoka Ngara mpaka Biharamulo si fupi kwa mtu mzima, seuze kwa mtu wa hali ile. Tulipanda haisi asubuhi. Mama alikuwa hajanywa kitu tangu jana yake, amejifunga vitenge vitatu kiunoni, amekaa karibu na mlango. Tulipofika kwenye msitu aliniminya mkono. Nikamwambia kondakta, "Simamisha, kuna mtu anachimba dawa." Gari likasimama, akashuka, akaingia nyuma ya kichaka. Tulipokwenda kidogo akaniminya tena. Mara ya tatu abiria mmoja mwanaume akasema, "Huyu mama ana shamba lake la dawa humu porini?" Watu wakacheka. Mama naye alicheka pamoja nao, na aliendelea kucheka kidogo baada ya wenzake kunyamaza. Mimi niligeuza uso dirishani. Tulipofika Biharamulo kiti chake kilikuwa kimelowa, naye alitandaza kitenge kimoja juu yake na kukiacha hapohapo, tukashuka.

Hospitalini tulimkuta daktari mwanamke, kijana, mgeni katika wilaya. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mkojo wa mama ulitazamwa kwa darubini, ukaonekana una usaha mwingi na damu, lakini bakteria wa kawaida hawakuonekana. Akaagiza uoteshwe, yaani uwekwe kwenye chakula cha vimelea wasubiri kuona kitakachoota. Tulisubiri siku kadhaa, mama akilala kwenye chumba changu cha kupanga, mimi nikilala chini kwenye mkeka.

Majibu yakaja kwamba hakuna kilichoota. Mimi nikafurahi. Nikasema, "Asante Mungu, hakuna mdudu." Daktari hakufurahi. Alikaa akizungusha kalamu, kisha akasema, "Usaha hauji bure. Kuna kitu humu ambacho hakipendi kuota kwa njia zetu hizi."

Akamgeukia mama. "Mama, unakohoa?"

"Hapana."

"Nyumbani kwako kuna mtu aliwahi kuugua kifua kikuu? Hata zamani?"

Mimi nikajibu kwa niaba yake kuwa hakuna, kwamba tunaishi yeye na mimi tu, na mimi ni mzima. Daktari alikuwa bado anamtazama mama.

"Mume wangu," mama akasema.

Nilikuwa nimeambiwa maisha yangu yote kuwa baba alikufa kwa malaria. Sasa nilikaa pale, mtu mzima, mwalimu, nikamsikia mama akimweleza mgeni jinsi baba yangu alivyokufa. Alikohoa mwaka mzima pale Lukole. Mama alikuwa na kopo la majivu la kutemea, analizika kila asubuhi nyuma ya turubai. Walipompa dawa alianza kuzinywa, akapata nguvu, akaacha, akaanguka, akaanza tena akiwa amechelewa. Mama ndiye aliyemlisha, aliyemwogesha, aliyelala naye chini ya turubai moja mvua ikinyesha.

"Na wewe ulipimwa?" daktari akauliza.

"Nilipimwa kifua. Wakasema mimi mzima."

"Walisema kweli. Kifua kilikuwa kizima." Akaweka kalamu chini. "Lakini mdudu huyu, mama, hakai kifuani tu. Anaweza kusafiri na damu akaenda kwenye figo, akalala huko miaka na miaka bila kukusumbua. Siku mwili ukichoka, anaamka."

Mama akasema, "Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

Daktari akatueleza kuwa pale pale hospitalini kuna mashine. Aliinyooshea kidole dirishani: mwisho wa baraza, chumba kidogo chenye benchi nje walipokaa watu waliofunika midomo yao. Tulikuwa tumepita mbele ya chumba hicho kila siku, tena kwa haraka, tukijikinga na watu wenye kikohozi. Alisema mashine hiyo haitazami mdudu kwa macho kama darubini, wala haimsubiri aote. Inampasua na kutafuta vinasaba vyake, ile alama yake ya ndani kabisa asiyoweza kuificha, na inaweza kumkamata hata akiwa mchache. Watu wameizoea kwa makohozi. "Lakini hata mkojo unaweza kusema," akasema. "Niletee mkojo wa kwanza wa asubuhi. Wote, usimwage hata kidogo."

Asubuhi mama alinishinda kuamka. Nilimkuta amesimama mlangoni ameshika chupa aliyopewa, ameifunika kwa upande wa kitenge kama watu wanavyofunika kifaranga asichukuliwe na mwewe. Tukaipeleka. Mtaalamu wa maabara akaipokea, akasema turudi baada ya muda.

Tuliporudi alitikisa kichwa. Umeme ulikatika mashine ikiwa katikati, na kipimo kimeharibika. Kesho tulete mwingine.

Mama alikaa kwenye benchi la wenye kikohozi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amekata tamaa waziwazi. "Basi turudi Kirushya," akasema. "Nikafie kwangu."

"Kesho tu, mama."

"Wewe kila siku ni kesho."

Lakini alileta wa kesho. Safari hii umeme ulikubali. Mchana daktari mwenyewe alikuja kutufuata barazani, akatuingiza ndani, akafunga mlango. Nilishukuru moyoni kwa ule mlango kufungwa.

"Amepatikana," akasema. "Ni kifua kikuu cha figo. Na dawa za kawaida zinamweza, mashine imeonyesha hivyo pia."

Mama akauliza, "Kwa hiyo si ugonjwa wa zinaa?"

"Hata kidogo."

"Kwa hiyo mimi si malaya."

Daktari akashtuka. "Nani alikuambia hivyo, mama?"

Mama alivuta kitenge akafunika uso, akalia pale kitini, kilio kikubwa cha msibani, na mimi sikujua nimshike wapi. Aliumwa figo mbili, lakini kwa sababu ya ile aibu sidhani kama kabla ya siku ile aliwahi kulilia figo zake.

Alianza dawa. Siku ya pili mkojo ukatoka mwekundu kama juisi ya machungwa iliyochacha, akapiga kelele akidhani ndiyo damu yote imemwishia. Nikakimbia kwa daktari, akaniambia ni rangi ya dawa. Baada ya hapo mama akawa anaichungulia rangi hiyo kila asubuhi na kutangaza, "Leo imo." Homa za jioni zikaisha. Akaanza kula. Akawa anagombana na mwenye nyumba wangu kuhusu namna ya kupika maharage, nami nikajua amepona.

Hakuwa amepona. Daktari alimpiga picha ya tumbo, akanionyesha kwenye kioo. Figo moja ilikuwa haifanani na figo, ilikuwa mfuko mtupu wenye kuta. Nyingine ilikuwa imevimba, kwa sababu mrija wa kuteremsha mkojo kwenda kibofuni ulikuwa umebanwa. Na kibofu chenyewe kilikuwa kimesinyaa kama embe lililokaushwa, kwa hiyo hata bila mdudu mama asingeweza tena kukaa misa nzima.

"Dawa inaua mdudu," daktari akaniambia tukiwa wawili. "Lakini pale alipokuwa anakula panaota kovu. Kovu linavuta, linabana. Wakati mwingine linabana zaidi mtu anapopona."

"Angekuja mapema?"

"Ndiyo," akasema. "Angekuja mapema ingekuwa habari nyingine." Namheshimu kwa kutonidanganya.

Tulipelekwa Mwanza. Walimwekea mrija mgongoni unaotoa mkojo moja kwa moja kutoka kwenye figo mpaka kwenye mfuko wa plastiki, ambao mama aliuvaa chini ya kitenge. Ulimsaidia miezi michache. Kisha ukaanza kuziba, akapata homa, ukabadilishwa, ukaziba tena. Miguu ikavimba, kisha uso. Wakatuambia figo iliyobaki imechoka, na njia iliyopo ni kusafishwa damu kwa mashine kila wiki, huko huko mjini, maisha yake yote.

Mama alimsikiliza daktari wa Mwanza kwa heshima mpaka mwisho. Tulipotoka nje akaniambia, "Mimi niliishi Lukole na baba yako. Maji ni foleni, unga ni foleni, dawa ni foleni. Nilimsindikiza foleni zote hizo na bado alikufa. Nipeleke kwangu."

Nilibembeleza. Nililia. Nilimwambia mimi sina mtu mwingine. Akanifuta machozi kwa kiganja chake kilichovimba, akasema, "Najua." Lakini hakubadilisha.

Alifia Kirushya mchana, wakati wa kuvuna maharage, watu wengi wakiwa mashambani. Nilikuwa nimemwinua kidogo apate kuvuta hewa. Neno lake la mwisho lilikuwa Imana, Mungu kwa lugha yetu, na sikujua kama alikuwa anamwita au anamlaumu.

Kwaya ilikuja mazishini na sare zao. Waliimba vizuri sana. Niliisikiliza sauti nzito, imebaki nyepesi, na mahali pa mama palikuwa panasikika wazi kama pengo la jino.

Ilipofika zamu ya kueleza historia ya marehemu, mjomba aliniita pembeni. "Sema tu aliugua kwa muda mrefu," akasema. "Watu wameshasahau. Usiwaamshe."

"Hawajasahau, mjomba."

"Mwanangu, aibu haizikwi kwa kufukuliwa."

Nilisimama karibu na jeneza. Nilisema kwa Kihangaza, siyo Kiswahili, ili wazee wasije kusema hawakuelewa. Nikaeleza alipozaliwa, alivyoolewa, alivyonilea. Kisha nikasema mama yangu ameuawa na kifua kikuu cha figo, alichokipata kwa kumuuguza mume wake, na kwamba alikuwa na mwanamume mmoja tu maishani mwake naye ndiye aliyempa ugonjwa huo kwa kukohoa. Nikasema mashine ya hospitali imeona alama ya mdudu huyo katika mkojo wake. Kihangaza changu hakina neno la vinasaba, nikasema alama ya ukoo. Nikasema, "Waliomwita jina jingine wako hapa, wameimba."

Mwenyekiti wa kwaya alikuwa anatazama viatu vyake. Mjomba alijifunika uso kwa kofia. Sikupata raha niliyoitegemea. Nilihisi uchovu tu, na tukamzika.

Siku ya kuondoa tanga, nikiwa nakunja mikeka, mwanamke mmoja wa kwaya alinifuata nyuma ya jiko. Alikuwa na umri wa mama, alizoea kusimama naye bega kwa bega. Nikamwamkia. Aliitikia, kisha akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yetu, nikadhani amekuja kunigombeza.

"Mwalimu," akasema, "hiyo mashine, iko Biharamuro kweri?"

"Iko, mama."

"Mimi pia nina hiyo pilipili. Mwaka wa pili sasa." Macho yakamjaa. "Hata mume wangu hajui."

Nilimchukua. Shule zilipofunguliwa nilisafiri naye, tukasimamisha gari msituni mara nyingi, na safari hii nilishuka naye kila mara ili asishuke peke yake. Alilala kwenye mkeka uleule. Asubuhi alileta chupa yake ameifunika. Umeme haukukatika.

Mashine haikumwona mdudu. Mtaalamu wa maabara alitueleza hivyo akitabasamu, akidhani ametupa habari njema.

"Kwa hiyo ninaumwa nini?" yule mama akauliza.

"Hii inatafuta kifua kikuu tu, mama. Hicho huna."

"Nimekuelewa. Nauliza ninacho nini."

Mtaalamu alinitazama mimi. Daktari alitufafanulia kwamba huko miji mikubwa zipo maabara zenye mashine za kuusoma mkojo mmoja na kutafuta aina nyingi za vimelea kwa wakati mmoja, pamoja na dawa zinazowashinda. Kwake ipo hii tu. Alisema atatafuta namna ya kupeleka sampuli. Kwa sasa akaandika vidonge. Niliviona, nikavitambua. Vilikuwa vilevile vya kwanza vya mama.

Yule mama alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Nilimpandisha gari la kurudi Ngara, nikamwomba kondakta awe mwungwana.

Ananipigia simu mara kwa mara, anapozungumza anashusha sauti kwa sababu mumewe yupo. Wiki iliyopita aliniambia ameona damu. Nimemwambia ajiandae, nitakuja kumchukua Jumamosi. Daktari yule amehamishwa. Aliyekuja mahali pake sijamfahamu bado.